Mwenye kigugumizi mnamwambia apige simu?

Mhariri,

Tangu jana sijatulia.

Mpwa wangu ana kigugumizi tangu akiwa na miaka minne. Wazee mtaani wakadai ana udata, akakatwa, hakikubadilika kitu. Tangu amalize kidato cha nne nambembeleza aende kwa mtaalamu wa tiba ya usemi, anagoma. Kilichomlainisha ni filamu ya Mfalme George VI wa Uingereza, ambaye naye alikuwa na kigugumizi na alianza mazoezi kwa mtaalamu wa usemi, Lionel Logue, mwaka 1926, mtu mzima tayari, ana mke. "Mjomba, twende," akaniandikia.

Tukaenda hospitali moja kubwa. Dirishani karani akamuuliza jina. Linaanza na M, na hapo ndipo anapokwama kuliko popote. Nikataka kumjibia, nikakatizwa: "Aseme mwenyewe, kwani mtoto?" Kijana akajaribu hadi mishipa ya shingo ikamsimama. Foleni ikaanza kuguna. Karani, bila haya, akamwambia, "Basi imba." Watu wakaangua kicheko. Ni kweli wengi wenye kigugumizi hawakwami wakiimba, lakini hilo alishughulikie mtaalamu, siyo mzaha wa dirishani. Na kitambulisho alikuwa amekishika mkononi, jina limeandikwa wazi!

Tukalipia, tukapelekwa kliniki ya masikio, pua na koo, tukakaa hadi njaa ikatuuma, ndipo tunaambiwa mtaalamu wa usemi hayupo. Tupige simu kupanga siku, tena apige mgonjwa mwenyewe. Simu, Mhariri! Mwenye kigugumizi hana mtihani mgumu kama huo: wa upande wa pili haoni unavyohangaika, akisikia kimya anakata. Njiani kijana hakunisemesha, na kurudi kule hataki kusikia.

Halafu wakubwa wanatuambia redioni kwamba vijana hawana mwamko wa kutafuta matibabu! Duniani karibu mtu 1 kati ya 100 ana kigugumizi. Wa kwetu wako wapi, kama si ndani, wakikwepa madirisha kama lile? Waheshimiwa nao wakati wa kura maneno huwatoka kama maji ya bomba lililopasuka. Waulize lini wataajiri wataalamu wa usemi mikoani, uone ndimi zinavyokuwa nzito.

 

Mjomba mtu,
Dar es Salaam