Pesa ya ampli iende kwanza kwenye transfo

BUNIA, Ituri – Vijana wa muziki wakiketi kuzungumza juu ya ampli ya lampi, yaani ile yenye chupa za kioo zinazowaka ndani kama makaa, mazungumzo yanaanzia kwenye lampi zenyewe. Nani anazo, zimetoka wapi, ni dola ngapi. Kisha wanahamia kwenye sanduku, kitambaa cha mbele na bafle. Transfo inakuja mwisho, na inanunuliwa kwa pesa iliyobaki. Ampli ya namna hiyo inaweza kufa kabla ya Jumapili ya pili.

Hamu yenyewe inaeleweka. Gita la rumba ya zamani, kama lile ambalo Franco alianza kurekodi Léopoldville katika nyumba ya Loningisa mwaka 1953, akiwa kijana wa miaka 15, lilipita kwenye lampi. Wakati ule lampi haikuwa fasheni, hapakuwa na kitu kingine. Na Wakongomani hawakungoja kuletewa kila kitu: marehemu Mingiedi Mawangu wa kundi Konono No. 1 alitumia sumaku za vyuma vya magari mabovu ili likembe yake ipate sauti ya umeme. Kwa hiyo fundi wa Bunia anayetaka kujenga ampli kwa mikono yake asichekwe. Aulizwe tu transfo yake ameitoa wapi.

Tuchukue ampli ndogo inayojulikana kuliko zote, Fender Champ ya miaka ya 1950. Ina lampi tatu tu: 12AX7, ambayo Ulaya inaitwa ECC83, kisha 6V6, kisha 5Y3 inayogeuza umeme. Inatoa wati 5 hivi, sauti ya kutosha chumba au kanisa dogo. Lakini ndani yake kuna transfo mbili, na ndizo roho ya mashine. Ya kwanza inapokea umeme wa ukutani na kuutoa kwa namna tatu: volti 6.3 za kupasha moto lampi mbili, volti 5 za kupasha 5Y3, na volti zaidi ya 300 kila upande kwa kazi yenyewe. Ya pili inasimama kati ya lampi na bafle.

Shida ya Bunia inaanzia kwenye ile ya kwanza. Chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya Marekani kinangoja volti 120 na mapigo 60 kwa sekunde. Hapa kwetu ni volti 220 na mapigo 50. Muuzaji atasema: weka transfo ya kushusha, mambo yamekwisha. Hayajaisha. Transfo ya kushusha inapunguza volti, haigusi mapigo. Chuma kilichopimwa kwa mapigo 60, kikipewa 50 kwa volti zilezile, kinabeba sumaku asilimia 20 zaidi. Kama mtengenezaji alibana chuma ili kupunguza gharama, kinapata moto, kinavuma, na siku moja kinanuka. Mali inayopita Kampala ina nafuu hapo, maana Uganda inatumia volti 240 na mapigo 50, mradi iwe kweli ilitengenezwa kwa soko hilo na si kupitishwa tu.

Tena umeme wetu si mtulivu. Ule wa Budana, kituo kilichojengwa kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto, haufiki kila mtaa, na wengi wanategemea jenereta ndogo. Jenereta ndogo inapanda na kushuka kadiri mafuta na mzigo vinavyobadilika. Ikifika volti 250 kwenye transfo ya 220, zile 6.3 za kupasha lampi zinapita 7, na lampi inazeeka haraka. Ndiyo maana kwa Bunia ni afadhali transfo iliyosokotwa kwa volti 240. Umeme ukishuka, ampli italia kidogo chini, ukipanda, haitaungua. Hasara ya kwanza ni ndogo kuliko ya pili.

Sokoni, transfo haichaguliwi kwa macho. Ishikwe mkononi kwanza: nyepesi kuliko umbo lake, iachwe. Waya ukwaruzwe kidogo kwenye ncha, maana kuna aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba, ndani yake ni nyeupe. Kisha iunganishwe na umeme kupitia balbu ya kawaida ya waya wa moto, wati 40 au 60, huku nyaya zake za kutoa zikiwa hazijaunganishwa na kitu wala kugusana. Balbu ikiwaka kwa nguvu, ndani kuna nyuzi zilizoshikana. Isipowaka sana, balbu iondolewe na transfo iachwe saa nzima kwenye umeme bila mzigo. Kama mkono hauwezi kutulia juu yake, haifai. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kujibu.

Transfo ya pili, ile ya bafle, inadanganya mafundi wengi wazuri. Wanachukua transfo ndogo ya kawaida, ya chaja au ya redio ya kaseti, na kuipachika. Sauti inatoka, ndiyo, lakini inakwaruza mapema na nzito yote inapotea. Sababu ni kwamba katika ampli ya lampi moja, umeme unapita upande mmoja daima na kukishibisha chuma. Transfo ya kazi hiyo inaachiwa nafasi nyembamba, unene wa karatasi, kati ya vipande vya chuma, ili kisishibe. Ile ya kawaida vipande vyake vimepishanishwa bila nafasi. Mahali pazuri pa kuipata ni ndani ya redio kubwa za lampi za Ulaya zilizobaki kwenye nyumba za zamani. Transfo iliyokuwa ikitumikia lampi ya EL84 ndani ya redio hizo inaweza kutumikia gita bila aibu. Na nyingi za redio hizo, zile za Philips kwa mfano, zina kichaguzi cha volti nyuma, kwa hiyo transfo yake ya umeme nayo ni mali.

Kondensa za redio hizo zisiokolewe, hata zikiwa na sura nzuri. Kondensa iliyozeeka kati ya lampi ya kwanza na ya pili inavuja, lampi ya pili inakuwa nyekundu, na transfo ya bafle inaungua. Pesa kidogo imekula pesa nyingi. Wengine wanatoa zile kubwa za kompyuta mbovu. Hizo ni za volti 200, moja peke yake itapasuka. Na hata mbili zikifuatana, ni kubwa mno kwa 5Y3, inaumia kila ampli inapowashwa. Anayeiondoa 5Y3 na kuweka dayodi ajue kwamba volti zitapanda: kwa transfo ya 325 zinaweza kupita 400, na 6V6 haikukusudiwa hivyo. Mwenye kutaka dayodi atafute transfo ya volti 250 hivi.

Hadi hapa ni mambo ya mfuko. Lililobaki ni la uhai. Ndani ya ampli hiyo kuna volti zaidi ya 300, na zinabaki kwenye kondensa hata waya ukichomolewa. Kirezista kimoja cha kiloohmi 220, wati 2, kikifungwa kati ya kondensa na sanduku la chuma, kinazimaliza ndani ya dakika moja. Ni senti chache. Na nyuzi za gita zimeunganishwa na sanduku hilo. Ampli za zamani zilikuja na waya wa njia mbili, bila ardhi. Mpiga gita aliyesimama pekupeku kwenye udongo mbichi, chini ya hema, akagusa midomo kwenye mikro iliyounganishwa na mashine nyingine, yeye ndiye anakuwa njia ya umeme. Waya wa njia tatu, fimbo ya chuma iliyopigwa ardhini mahali penye unyevu, na fuzi: viongozi wa korali wasikubali ampli kuingia kanisani bila vitu hivyo vitatu, hata kama fundi ni mtoto wa nyumbani.

Na kuna jambo ambalo wapenzi wa lampi hawapendi kusikia. Kwa familia zilizokimbia vita, kama zile za kambi ya Kigonze, ampli hii si chaguo la kwanza. Inakula wati 40 au zaidi ili itoe 5, na nyingi zinakwenda kwenye kupasha moto vioo. Penye plaki moja ya jua na betri ya volti 12, ampli ya transista inafanya kazi hiyo kwa umeme kidogo sana, na hakuna volti 300 karibu na watoto. Mchango uliokusanywa franka kwa franka kwenye mahema usiende kununua sauti ya mwaka 1953 wakati betri ya kucheza Jumapili nzima haipo.

Lakini kijana wa kambini anayejua kusokota transfo, huyo ni habari nyingine. Hesabu yake si siri: kwa mapigo 50, kigawanye 45 kwa eneo la chuma la katikati kwa sentimita za mraba, kinapatikana idadi ya mizunguko kwa kila volti. Chuma cha sentimita 9 za mraba kinataka mizunguko 5, yaani 1,200 kwa volti 240. Kazi hiyo inataka meza, waya mpya wenye vanishi, karatasi ya kutenganisha tabaka na subira. Mashine za kusaga, stabilizateri na chaja za mjini nazo zina waya wa kusokota, na zinaungua kila juma. Fundi mwenye karakana mjini akichukua wanafunzi wawili kutoka kambini, aanze na hizo. Ampli ya lampi itakuja baadaye, na itakuja na transfo nzuri.