Njiwa Si Njiwa, Udongo Si Udongo

Wacha nianze na ubishi. Kile kitu kinachorushwa hewani ili mtu akipige kwa bunduki, kile Waingereza wanachokiita njiwa wa udongo, si njiwa na wala si udongo. Ni kisahani cha lami iliyochanganywa na unga wa mawe ya chokaa, upana milimita 110, uzito gramu 105 hivi. Lami inayopasuka ikiguswa tu: Mkenya hahitaji kuelezwa hiyo, anaijua kila mvua ya Aprili.

Sasa mbona tunaambiwa Kiswahili lazima kiseme “njiwa wa udongo”? Mimi hula kwa kutafsiri. Nilipewa maandishi ya video za mchezo huu niyatie Kiswahili, nikaandika “kigae”. Kazi ikarudi na kila kigae kimekatwa kwa wino mwekundu, pembeni ujumbe: fuata istilahi ya asili, Kiswahili hakina neno la hili. Hakina? Bana.

Hiyo asili yenyewe ni ya damu. Wazungu wenye pesa walikuwa wakifungia njiwa hai ndani ya visanduku vilivyoitwa mitego. Mlengaji akiwa tayari anaita “vuta!”, mtu anavuta kamba, kisanduku kinafunguka, njiwa anaruka, bunduki inalia. Kwenye mashindano ya Paris ya 1900 njiwa karibu 300 waliuawa hivyo, na Mbelgiji Léon de Lunden akashinda kwa kuwaangusha 21. Na mbadala ulikuwepo tayari! George Ligowsky wa Cincinnati alikuwa amepata hataza ya kisahani cha udongo tangu 1880, ingawa vile vya kwanza vilichomwa vikawa vigumu hadi vingine vikipigwa vililia kama kengele badala ya kuvunjika. Ndipo baadaye wakahamia lami. Njiwa wakaenda zao, maneno yakabaki: mtego usiotega, kamba isiyo na wa kuivuta. Siku hizi mashine husikiliza kwa maikrofoni, kwa hivyo mlengaji anaweza kubweka chochote. Wengine hutoa mguno wa mtu aliyekanyagwa ndani ya mathree.

Refa naye, kwa Kiingereza chake, akiona hata kipande kimoja kimebanduka anasema amekufa. Ukikosa, amepotea. Na kisahani kikitoka kwenye mashine tayari kimevunjika, anatangaza “hakuna ndege”, kama weita wa kibanda anayekupa menyu yenye kuku, samaki na matumbo, halafu kuku hakuna, samaki hakuna.

Huo wote ni utani, na wenyewe wanajua ni utani. Sisi tunautafsiri neno kwa neno, uso mkavu kama wa karani wa mahakama, kisha tunashangaa mbona hakuna anayecheka kwa Kiswahili.

Wengine hawakukubali kufungwa hivyo. Waitaliano, watengenezaji wakubwa wa bunduki za mchezo huu, wanasema piattello, yaani kisahani. Wafaransa wameuita mchezo wa trap kwa jina la shimo ambamo mashine hukaa. Wajerumani walianza na njiwa wa udongo, halafu kanuni zao zikahamia neno la kisahani cha kurushwa. Nani aliwaambia lugha zao hazina maneno?

Kiswahili kina ya kwake. Kigae ni kipande cha chungu kilichovunjika, kwa hivyo jina lenyewe limeshamaliza hadithi kabla bunduki haijalia. Zile risasi ndogondogo zinazotoka kwa mkupuo zinaitwa marisau. Neno limo kwenye kamusi, halikuchimbwa jana. Mtutu tunao, kitako tunacho. Na soka lilishatuonyesha njia. Kuotea lilikuwa neno la mwindaji anayemvizia mnyama. Leo mtoto wa darasa la pili anamzomea refa nalo. Kanzu ilikuwa nguo tu, kabla haijawa mpira unaopitishwa juu ya kichwa cha beki. Kamati gani ilikaa hapo?

Najua mtaniuliza: buda, nani mtaani ana bunduki? Kweli. Leseni haiuzwi kwa kiosk, na raundi moja pekee ni visahani 25. Lakini kutazama hakuhitaji leseni. Kuna kisa cha Zhang Shan ambacho kilipaswa kuwa kinabishaniwa kila kinyozi na kila saluni. Mwaka 1992 kule Barcelona, skiti ikiwa bado ni ya wanaume na wanawake pamoja, huyu dada kutoka China aliwapiga wanaume wote akachukua dhahabu. Michezo iliyofuata, 1996, wanawake hawakuwa na skiti kabisa. Walirudishiwa 2000, ya kwao peke yao. Hebu simulia hiyo kwa shangazi yako. Atashika kiuno. Sasa simulia tena ukiita kila kitu “mashindano ya ulengaji wa njiwa wa udongo”, uone kama atakuacha ufike 1996. Hicho ndicho wino mwekundu unakata: hasira ya shangazi, na kicheko chake.

Na hilo neno skiti halikutoka kwa maprofesa. Mwaka 1926 wasomaji wa jarida la Marekani waliombwa jina la mchezo huo, uliokuwa mpya wakati huo, zawadi dola 100. Aliyeshinda ni Gertrude Hurlbutt wa Montana, kwa neno lililosemekana kuwa na asili ya Skandinavia, la kupiga risasi. Msomaji wa jarida, kama wewe hapo na simu yako.

Dola 100 sina. Ila “hakuna ndege” bado inatafuta Kiswahili chake. Yangu ni “mbovu, rudia”, vile tulivyosema tukicheza bano. Mwenye bora alete.