Penseli na Kamera Mlimani

Wapo wazazi wa Kilimanjaro wanaosikitika kumwona kijana wao, mwanafunzi wa sanaa, akikaa kutwa kando ya migomba akichora Kibo, kisha akiupiga picha mlima ule ule. Huuliza: kama kamera ipo, penseli ya nini?

Swali hilo si la kupuuzwa. Kamera huchukua kila kilicho mbele yake, hata waya wa umeme usiotakiwa na mtu. Mchoraji hulazimika kuamua mgongo wa mlima uanzie wapi, na kivuli cha mgomba kiwe kizito kiasi gani. Naye hawezi kuamua asipotazama. Marehemu Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, alichora maisha ya vijiji vya kwao, na picha yake mojawapo imo katika Jumba la Sanaa za Kisasa, New York.

Lakini kamera nayo ina kazi yake. Kati ya mwaka 1912 na 2007 Kilimanjaro ulipoteza kadiri ya asilimia 85 ya eneo la barafu yake. Hayo yalijulikana kwa kulinganisha ramani ya kale na picha zilizopigwa baadaye kutoka angani. Kwa hiyo twawaomba walimu wawahimize wanafunzi kuandika nyuma ya kila mchoro na kila picha mahali, tarehe na saa. Nazo maktaba za mikoa zikubali kuzipokea, kabla hazijaliwa na mchwa masandukuni.