Mtawala Mwema ni Anayeambika

Juzi, barazani Changamwe, tukingoja Isha, mzee mmoja alisema: "Utawala ni nguvu. Mwenye nguvu mpishe." Nami kwa heshima nikampinga.

Al-Mawardi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 1058, alipozitaja sifa za imamu alitanguliza uadilifu na elimu. Ushujaa ukaja nyuma.

Na hapa kwetu ushahidi upo. Mazrui waliitawala Mombasa kwa kushauriana na Thenashara Taifa, nao Wachangamwe ni katika Taifa Tatu. Alipofariki Liwali Salim bin Ahmed mwaka 1835, jamaa wakagombea kiti, na Taifa Tatu wakamwelekea Seyyid Said. Mwaka 1837 Rashid bin Salim akaitoa Ngome bila ya vita. Kuta zilikuwa pale pale. Walioondoka ni watu.

Leo twapiga kura kila miaka mitano, na bado twauliza mgombea ametoa shilingi ngapi. Ndugu zangu, tuulize hili kwanza: akiambiwa amekosa, husikia? Asiyeambika, hata tukimpa Ngome, haitamfaa. Wala sisi hatatufaa.