Ukimpeleka mtoto Kalenga, jiandae kwa maswali

Likizo ikianza, wazazi wa Iringa huulizana wawapeleke wapi watoto, na jibu la haraka huwa Ruaha. Ruaha ni pazuri, lakini mafuta, gari na viingilio vya familia nzima si mchezo. Kumbe kwenye barabara hiyohiyo ya kwenda hifadhini, kilomita kama 15 tu kutoka mjini, iko Kalenga, ambako mtu anaenda asubuhi na kurudi siku hiyohiyo.

Kalenga ndiko yalikokuwa makao ya Mtwa Mkwawa. Jina la Iringa lenyewe limetokana na neno la Kihehe "lilinga", yaani ngome, na ngome hiyo ilikuwa hapo. Mji tunaoishi sasa ulianzishwa na Wajerumani baada ya kuivunja.

Ushauri wangu wa kwanza, mzazi mwenzangu: usianzie kwenye fuvu. Mtoto akiingizwa moja kwa moja kwenye chumba chenye fuvu la mtu ndani ya kioo, mengine yote hatayasikia. Anzeni nje. Ukuta wa ngome husemwa ulikuwa na mzunguko wa kilomita kama 13. Mwambie mtoto kwamba ungeunyoosha, ungekaribia kufika mjini mlikotoka. Hapo ataelewa kuliko ukimtajia namba. Kisha mwonyeshe upande wa Tosamaganga, ambako wenyeji husimulia kuwa ndiko mizinga ya Wajerumani ilikopiga kutokea Oktoba 1894. Miaka 3 kabla, Agosti 17, 1891, Wahehe walikuwa wamekishinda kikosi cha Wajerumani pale Lugalo na kamanda wake, Zelewski, akauawa. Lugalo iko upande wa barabara ya Morogoro. Kwa watoto wadogo, iacheni kwa siku nyingine.

Sasa ingieni ndani. Swali la kwanza la mtoto mwerevu litakuwa: "Ni lake kweli?"

Usimkemee. Kichwa cha Mkwawa kilikatwa baada ya kifo chake mwaka 1898. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliitaka Ujerumani irudishe fuvu hilo, lakini miaka ikapita. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining alikwenda kwenye makumbusho ya Bremen, ambako mafuvu yalikuwa mengi mno, na likachaguliwa moja kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa. Juni 1954 likakabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu. Wapo wazazi wanaoficha habari ya vipimo wakiogopa kupunguza heshima. Mimi naona mtoto akiielezwa atauliza jambo zito zaidi: hayo mafuvu mengine yalikuwa ya nani, na nani anayasubiri?

Swali la pili ni gumu. "Kwa nini alijiua?"

Hadithi hii huwa tunaisimulia kwa fahari: alikataa kukamatwa akiwa hai, akajipiga risasi Mlambalasi, Julai 19, 1898. Ni kweli, na fahari ina mahali pake. Lakini anayesikiliza anaweza kuwa kijana wa miaka 14 aliyefeli mtihani, au binti anayesumbuliwa shuleni na hajakwambia. Usimwachie sentensi moja tu ya ushujaa. Mweleze mazingira: alikuwa amewindwa karibu miaka 4, kichwa chake kimewekewa zawadi ya rupia 5,000, watu wake wamekufa au wametawanyika. Hiyo ilikuwa vita, na adui alikuwa mlangoni. Halafu mwambie waziwazi, hata kama kwenu mambo haya hayasemwi: "Wewe ukizidiwa na jambo lolote, njoo kwangu usiku au mchana, sitakugombeza." Mseme mkiwa nje mmekaa, si mbele ya kioo huku wageni wengine wakisubiri zamu.

Familia zilizochanganyika zina neno la ziada. Kama mama ni Msangu wa Mbeya, kumbukeni kwamba kwa babu zake Mkwawa alikuwa adui. Wahehe waliwafukuza Wasangu Utengule, na Merere, mtawala wao, akaona afadhali ashirikiane na Wajerumani ili arudi kwao. Mtoto mwenye damu za pande zote mbili ana haki ya kusikia pande zote mbili, na bibi yake wa Usangu anaweza kuisimulia vizuri kuliko mhifadhi. Mpigieni simu jioni hiyo.

Mchana mkirudi mjini, pitieni jengo la zamani la Wajerumani, maarufu kama Boma, ambalo sasa ni makumbusho. Saa moja inatosha. Watoto wakiwa bado na nguvu, wapandeni nao jiwe la Gangilonga kabla jua halijazama. Kutoka pale mji wote unaonekana. Vaeni viatu vya kufungwa, maana jiwe linateleza, na sweta msisahau.