Mgawanyiko Ndio Silaha ya Dhalimu

Ndugu wanamageuzi wa Kitale na Bungoma,

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, vyama vya wafanyakazi na wakulima wa Italia vilikuwa na nguvu. Mussolini alituma magenge ya mashati meusi kuchoma ofisi zao na kuwapiga viongozi wao. Katikati ya hatari hiyo, Januari 1921, Wakomunisti walijitenga na Wajamaa mjini Livorno. Oktoba 1922 mfalme akamkabidhi Mussolini serikali.

Je, hayo ni mageni kwetu? Mwaka 1992 nyumba ziliteketezwa Endebess, Saboti na Mlima Elgon. Jirani aligeuzwa adui kwa sababu ya kabila lake, na waliofukuzwa wakajihifadhi makanisani. Kamati ya Bunge ya Kennedy Kiliku ilihesabu watu 779 waliouawa nchini. Mwaka huohuo Masinde Muliro akafariki, na FORD ikapasuka: Odinga huku, Matiba kule. Desemba 29 Moi akashinda kwa takriban asilimia 36 ya kura. Wengi walimkataa, lakini kura zao zilitawanyika.

Wako wasemao kwamba demokrasia ni kila chama kushindana kivyake. Twawauliza: mishale ilipoanza kurushwa, ilibagua kadi za vyama?

Vyama na viwe vingi, lakini mbele ya mwenye kuchoma nyumba za wanyonge msimamo uwe mmoja. Kiongozi anayependa kiti kuliko umoja tumnyime kura. Anayetuchochea dhidi ya jirani tumkane hadharani, hata akiwa wa kabila letu.