Abiria 1,200 wa MV Mwanza: Idadi Hiyo Ina Maana Gani kwa Usalama wa Meli

SINGIDA – Mkoa wa Singida haupakani na bahari wala na ziwa kubwa. Maziwa yake ni Singidani na Kindai mjini Singida, na Kitangiri wilayani Iramba. Hata hivyo, barabara kuu ya kutoka Dodoma kwenda Mwanza hukatiza mkoani humo, na mkazi mwenye ndugu au biashara Bukoba, Ukerewe au Ukara huweza kupanda basi Singida na kumalizia safari yake majini. Kwa sababu hiyo, taarifa za Serikali kuhusu meli mpya ya MV Mwanza zinamhusu yeye sawa na mkazi wa Kanda ya Ziwa.

Katika taarifa hizo, jambo linalotajwa mara nyingi ni uwezo wa meli: abiria 1,200, shehena tani 400, magari madogo 20 na makubwa matatu, katika chombo chenye urefu wa mita 92.6. Ni rahisi kudhani kwamba idadi ya abiria ni hesabu ya viti tu. Kwa msanifu wa meli, idadi hiyo ni sehemu ya hesabu ndefu zaidi, inayouliza meli itaelea vipi ikiwa nzima na itaelea vipi ikiwa imetoboka.

Jahazi likitoboka, maji huenea katika ngama yote. Meli ya abiria hujengwa kwa namna tofauti. Chini ya sitaha kuu huwekwa kuta za chuma zisizopitisha maji, kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, ili maji yakiingia katika chumba kimoja yaishie humo. Titanic, iliyozama Aprili 1912, ilikuwa na vyumba 16 vya namna hiyo, na ingeweza kuelea hata kama vinne vya omo vingejaa maji. Barafu iliharibu vyumba zaidi ya hivyo, na kuta hazikupanda juu vya kutosha; omo ilipoinama, maji yalivuka juu ya ukuta mmoja na kuingia chumba kilichofuata. Mkataba wa Kimataifa wa Usalama wa Maisha Baharini (SOLAS) ulizaliwa kutokana na ajali hiyo mwaka 1914.

Ugumu wa kazi hii unaonekana zaidi katika vivuko vya magari. Sitaha ya magari huachwa wazi toka omo hadi tezi, bila kuta, ili magari yapite. Chukua sitaha yenye urefu wa mita 50 na upana wa mita 10. Maji ya kina cha sentimita 20 tu juu yake yana uzito wa tani 100, na uzito huo hautulii: meli ikilala upande mmoja, maji nayo hukimbilia huko na kuilaza zaidi. Ndivyo ilivyokuwa kwa Herald of Free Enterprise huko Zeebrugge, Machi 1987, iliyoondoka bandarini milango ya omo ikiwa wazi, na watu 193 wakafariki. Kuigawa sehemu hiyo kwa ukuta wa katikati, kutoka omo hadi tezi, hupunguza nguvu ya maji hayo hadi robo. Lakini ukuta huohuo una hatari yake, kwani ubavu mmoja ukitoboka maji hubaki upande huo na meli huinama. Ndiyo maana usanifu hauishii katika kuongeza kuta.

Historia ya Tanzania inaongeza jambo ambalo kuta haziwezi kulitatua. MV Bukoba, iliyozama Mei 21, 1996 ikielekea Mwanza, na kivuko cha MV Nyerere, kilichozama Septemba 20, 2018 karibu na gati la Ukara, havikugonga mwamba wala chombo kingine. Vilipinduka. Uwezo wa MV Nyerere ulikuwa watu 101. Waliofariki walikuwa 228 na walionusurika 41. Wasanifu hukadiria kilo 75 kwa kila abiria. Kwa hesabu hiyo, watu 101 ni takriban tani saba na nusu, na watu 269 ni zaidi ya tani 20, bila kuhesabu mizigo. Zaidi ya tani 12 zilizozidi zilikuwa uzito wenye miguu, unaoweza kuhamia upande mmoja kwa pamoja kivuko kinapokaribia gati.

Hapa ndipo hesabu mbili zinapokutana. Akiba ya uthabiti inayowekwa ili meli istahimili tundu ni akiba ileile inayoliwa na abiria wa ziada. Meli iliyozidishiwa uzito huzama zaidi majini, na watu wakijaa sitaha za juu, kitovu cha uzito hupanda. Meli hiyo yaweza kufika salama mara nyingi, maana siku ya tundu haijafika, na kila safari ya namna hiyo humfanya nahodha na abiria waamini kwamba kikomo kilichoandikwa ni cha tahadhari tu.

SOLAS iliandikwa kwa ajili ya safari za kimataifa. Vyombo vya ndani husimamiwa kwa sheria za nchi, na kwa Tanzania Bara usimamizi wa usalama wake uko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC). Ukaguzi wa mabati, milango na pampu unaweza kufanyika meli ikiwa gatini. Idadi ya watu hubadilika katika kila safari, na hujulikana kwa orodha ya abiria pekee. Katika MV Bukoba, yenye uwezo wa abiria 430, orodha ilikuwa na majina 443 ya daraja la kwanza na la pili. Abiria wa daraja la tatu hawakuorodheshwa. Kwa msafiri kutoka Singida anayevuka ziwa na watoto, jina la kila mtoto katika orodha ni sehemu ya hesabu hiyo, hata kama anapakatwa.

Siku mbili baada ya MV Nyerere kupinduka, waokoaji walimtoa fundi wa mitambo akiwa hai. Alikuwa amejifungia ndani ya chumba ambacho maji hayakukijaza.